Kibodi ya Boksi

Chuo cha mtaa kilipewa kompyuta mpya, wakubwa wakazifungia chumbani na kuzifunika mashuka, eti zisiingie vumbi kabla mgeni rasmi hajazizindua. Basi mwaka mzima Sikudhani alisomea kuandika programu kwa kibodi iliyochorwa kwenye kipande cha boksi. Alibonyeza herufi, akaishikilia hivyo hivyo mpaka mwalimu aione na kusema, "Haya, nyingine."

Siku mgeni rasmi alipokuja, na kitambi chake na wapambe wake, mkuu wa chuo alimnong'oneza Sikudhani: "Mama, ukituaibisha leo, chuo hiki hukikanyagi tena."

Akaketi mbele ya kompyuta iliyofunuliwa shuka. Akabonyeza herufi ya m, akaishikilia, akisubiri kuambiwa haya. Kioo kikajaa m tupu, mstari baada ya mstari.

"Aisee, spidi gani hiyo!" mgeni akasema. "Mama, hiyo programu ya nini?"

Sikudhani alimtazama mkuu. Mkuu alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kumbe naye hajui kitu!

"Ya maji, mheshimiwa. Ya kuleta maji mtaani."

Wakampigia makofi. Kidole chake kilikuwa bado palepale, na m zilizidi kushuka.