Sukari ya Panya

Chururu.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na sauti ile ilitoka ndani ya ukuta wa chumba cha kulala, laini, kama mtu anayemimina sukari kwenye kopo. Ikanyamaza. Kisha tena: chururu.

"Mama, nini hiyo?" Nesma alimkumbatia mama yake shingoni. Alikuwa na miaka minne.

"Panya tu," Intisar alimjibu gizani. "Mama panya anawatilia wanawe sukari kwenye chai."

Mtoto akacheka, akalala. Asubuhi Intisar alikuta vumbi jeupe chini ya ukuta. Akalifagia, akatega sumu.

Siku hizo upande wa pili wa ukuta kulikuwa na kiwanja kitupu, na dirisha lao lilikula jua na upepo wote wa bahari ya Aleksandria. Mwaka uliofuata mkandarasi Lamlum alikuja na mitambo yake. Kibali kilisema ghorofa nne. Akapandisha kumi na tatu. Mnara ukaja kubanana na nyumba yao hata wembe usipite katikati. Ukifungua dirisha, unagusa zege kwa kiganja.

Panya wakanyamaza. Intisar aliisifu ile sumu kwa majirani.

Lakini giza lilileta unyevu, unyevu ukaleta kuvu, na kifua cha Nesma kikaanza kupiga filimbi usiku na mchana. Daktari wa zahanati aliandika dawa, kisha akaweka kalamu chini. "Dawa nitakupa, mama. Ila huyu anachotaka ni jua."

Jua linauzwa duka gani? Intisar akaketi, akaandika pingamizi.

Mlango wa kwanza aliougonga ni wa mwenye nyumba, Haji Shawadfi, aliyekaa ghorofa ya chini yao. Aliugonga kwa woga. Haji alikuwa na miaka hajajibu salamu ya mpangaji. Mikataba yao ilikuwa ya zamani. Kodi ya mwezi haikununua trei ya mayai, na sheria haikumruhusu kumtoa mtu. "Mtaondoka siku nyumba hii itakapoondoka," alizoea kuwaambia wakipishana ngazini.

Safari hii alivaa miwani, akasoma pingamizi mpaka mwisho, akatia saini ya kwanza.

"Haji, kweli umesaini?"

"Kwani mimi sina moyo, Mama Nesma? Lamlum ametuzika hai." Akamwita mkewe alete basbusa, keki ya semolina, ya mtoto.

Intisar alipanda ngazi analia. Kumbe mtu hubadilika.

Ikawa miezi kumi na minne ya kupanga foleni ofisi ya wilaya. "Mama wa mnara, umerudi?" makarani walimtania. "Tukutandikie kitanda hapa hapa?" Siku moja alikutana na Lamlum mwenyewe kwenye korido, tasbihi mkononi.

"Bibi, jua utalipata ukihamia jangwani."

"Nitalipata kitandani kwangu," Intisar alimjibu, "na wewe utabaki kukumbatia vumbi."

Haji alicheka mpaka akakohoa. Kila safari alikuwa naye, amembebea faili.

Hatimaye amri ikatoka: mnara ubomolewe wote. Likabaki jambo moja. Mhandisi kijana, Karam, alitaka kwanza kuukagua ukuta wa chumba cha Nesma.

"Ukiwa na ufa, itabidi tuweke mihimili upande wenu kabla ya kubomoa," alisema. "Hiyo inaombewa fungu. Labda mwaka."

Intisar alirudi nyumbani, akasogeza kabati. Ufa ulitoka darini mpaka sakafuni, sarafu inaingia. Nyuma yake Nesma alikuwa anavuta pumzi kama anayevuta maji kisimani kwa kamba fupi.

Haji alipanda mwenyewe, amekumbatia mfuko wa plasta.

"Mwaka mzima gizani kwa ajili ya kaufa haka? Ziba, binti yangu. Si wahenga walisema?"

Akaziba. Akapaka rangi nyeupe mara mbili.

Karam alikuja, akagonga ukuta hapa na pale. "Hamjawahi kuona chochote hapa? Kusikia chochote?"

"Panya," Intisar alisema, "zamani hizo. Niliwatilia sumu."

Kijana akatabasamu, akampa karatasi ya kuthibitisha kwamba ukuta ni mzima. Intisar alisaini chini ya saini ya Haji.

Walibomoa kuanzia juu. Kila ghorofa iliyoshuka, mstari wa mwanga ulishuka nayo ukutani, mpaka adhuhuri moja jua likaingia chumbani lote, likalala juu ya kitanda cha Nesma kama mgeni aliyechoka. Wanawake walipiga vigelegele ngazini. Nesma, sasa ana miaka saba, alimaliza siku tatu mfululizo bila filimbi kifuani.

Siku ya nne Intisar alipika kitamutamu cha kunafa, akateremka na sahani kwa Haji. Aligonga. Mlango haukufunguliwa.

"Kahama jana," bawabu alimwambia. "Yeye na mkewe, na vyombo vyote. Hata milango ya ndani kaing'oa. Nikamuuliza, Haji, kulikoni? Kasema anabadili hewa."

Intisar alipanda polepole, sahani bado ya moto mikononi.

Nesma alikuwa amesimama katikati ya jua, sikio kalibandika kwenye ukuta mweupe, vumbi jeupe miguuni, anatabasamu.

"Mama," alisema, "panya wamerudi."