Mashine ya Ghasil

Velma alipanda ngazi bila viatu. Ndani ya mkono wa gauni alificha shazia, ile sindano nene ya kushonea magodoro.

Nyumba nzima ilikuwa imelala usingizi wa mchana. Nje, jua la mtaa wa Al-Malqa liliwaka juu ya kuta nyeupe, na barabarani hapakupita hata gari.

Mashine ililetwa asubuhi. Duncan, dereva wa nyumba, Mkenya mwenzake, ndiye aliyesaidiana na fundi kuipandisha ghorofani. Aliposhuka alimkuta Velma uani akikamua shuka.

"Velma, umefutwa!" alimtania. "Hiyo kitu haiombi chai, haiugui, haishindi kwa simu na watu wa kwenu Vihiga."

"Ni mashine ya nini?"

"Madam amesema ya ghasil. Kwani wewe hapo unafanya nini kama si ghasil?"

Ghasil. Kufua. Lilikuwa neno la kwanza la Kiarabu alilofundishwa katika nyumba hii. Mashine ya zamani iliharibika, na tangu hapo mikono yake ndiyo iliyofua kila kitu.

Kisha madam mwenyewe alishuka, akainua kidole. "Velma, mashine mafi gusa. Mafi, mafi! Sasa ghasil hapa nyumbani, halas."

Mafi, hapana. Halas. Basi. Velma aliitikia kwa kichwa, akarudia shuka zake.

Jana yake tu, Hala, binti wa madam, alimsomea kwa Kiingereza somo lake la shule. Kule Marekani ya zamani, Jumatatu nzima ilikwenda kwa kufua. Wanawake walichemsha maji, wakasugua nguo kwenye ubao wa bati mpaka vidole vikachubuka. Kisha zikaja mashine za umeme, na pasi, na friji, na kazi ya kutwa ikawa ya saa moja.

"Na wale waliokuwa wakifulia watu?" Velma aliuliza.

Hala alifunua ukurasa uliofuata, akatafuta. "Hawajasema," alijibu. "Nafikiri walirudishwa."

Kurudishwa. Velma alijua maana yake. Maktab, ofisi ya wakala kule Al-Suwaidi, ilikuwa na chumba cha nyuma ambamo wanawake waliorudishwa walifungiwa wakingoja kafili mwingine, yaani mwajiri. Alikwisha kulala humo. Beldina, rafiki aliyelala naye godoro moja, alichukuliwa humo akapelekwa nyumba ya mbali, na tangu siku hiyo simu yake haikuita tena.

Mtu mmoja tu angeweza kumtetea. Bibi Mwanamize, mama mkwe wa madam, aliletwa kutoka Unguja akiwa msichana, mwaka wa mapinduzi. Wajukuu hawakujua Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili chake chote alimpa Velma. Velma alimkanda miguu iliyovimba. Bibi alimwita mwanangu. Mara mbili madam alitaka kumrudisha, na mara zote mbili Bibi alisema, "Akitoka huyu, natoka na mimi."

Lakini Bibi alikuwa hospitali tangu juzi. Siku hizi hospitali ilimmaliza. "Wananilaza pale kutwa," alikuwa akilalamika, "nikirudi sina nguvu hata ya kushika tasbihi."

Velma alisukuma mlango wa ghorofani. Mashine ilisimama karibu na bafu la Bibi, imefunikwa nailoni. Aliifunua. Haikuwa na mlango wa kioo kama ile ya zamani. Ubavuni zilining'inia bomba laini zinazopitisha mwanga, na alishangaa wembamba wake. Mambo ya kisasa, alijiambia. Kila mwaka wanabadilisha.

Fundi alikwisha kuijaribu na kusema iko sawa. Basi ikiharibika leo, watasema ni mbovu, wataichukua. Na nguo zitarudi kwenye mikono ya Velma.

Alipiga magoti. "Bwana," alinong'ona, "unajua kile chumba. Usiniache nirudi kule. Nisamehe. Hiki ni chuma tu, simdhuru mtu."

Akaitoa shazia. Akatoboa bomba upande wa nyuma, pale ambapo jicho lisingefika. Akatoboa tena. Kisha akaifunika nailoni vile vile, akashuka.

Alasiri gari liliingia. Duncan alimteremsha Bibi kwenye kiti cha magurudumu, na nyuma yao alifuata muuguzi mwenye mkoba. Bibi alikuwa na uso wa majivu, lakini alipomwona Velma mlangoni alitabasamu.

"Njoo baadaye tuzungumze," alisema.

"Ndiyo, Bibi. Nina jambo la kukuambia."

Wakampandisha juu, mlango ukafungwa. Velma alirudi jikoni akiwa na nafuu. Bibi amerudi. Atamweleza yote, na Bibi atasema neno lake.

Alikuwa akimenya vitunguu aliposikia mngurumo mdogo kutoka juu. Wameiwasha. Alisimamisha kisu. Sasa itavuja. Sasa madam atapiga kelele. Aliomba kimoyomoyo, na kila mara alipofika "Amina" alianza upya.

Mlango wa juu ulifunguliwa. Aliyeita hakuwa madam.

"Velma, mwanangu!" Ilikuwa sauti ya Bibi, nyembamba, yenye hofu. "Njoo unishike mkono. Mashine ya kunioshea damu ndiyo hii, na washaniunga nayo."