Mtama wa Bi Kanga

Wanyama walikuwa na soko kongwe ambako hakuna aliyenunua kitu bila kupatana bei kwa makelele. Siku moja korongo kutoka mbali wakatua juu ya paa, wakayapenda makelele yale, wakawatupia wauzaji shanga. Kesho yake wakarudi na wenzao.

Kobe, asiyejua haraka, alikuja kuwanunulia wanawe mtama kwa Bi Kanga, mwenye sauti kuliko wauzaji wote. Wakavutana asubuhi nzima. Mwishowe Kobe akachoka.

"Basi, Bi Kanga, umeshinda. Nipimie kwa bei yako."

"Thubutu! Nimepandisha."

"Hiyo pia naikubali. Watoto wana njaa."

Kanga akamwinamia, akanong'ona, "Mzee wangu, usiniharibie kazi. Nikikuuzia tumemaliza, na wageni wataondoka. Mwezi mzima sijauza hata punje."

"Sasa nyinyi wenyewe mnanunua wapi chakula?"

"Kijiji cha pili, nyuma ya mlima. Soko la kule halina sura, hakuna anayelitazama."

Kobe akashika njia na mfuko wake mtupu. Akiwa bado mlimani, korongo wakampita juu kwa juu, wakilalamika kwamba soko la Kanga limejaa wageni, heri wakatafute soko la kweli.

Alipofika, alimkuta Nungunungu amekalia gunia la mtama.

"Unauzaje?" Kobe akauliza.

Nungunungu akatupia jicho paa lililojaa korongo, akakohoa kidogo.

"Taja yako kwanza, mzee," akasema. "Tena kwa sauti."