Mstari wa Kijivu

Mashine kubwa ya kuchapa ramani za nyumba ilipoanza kunguruma, mchoraji hakuweza kutulia. Aliketi, akasimama, akaketi tena, kucha mdomoni.

"Mbona unahangaika kama kuku anayetaka kutaga?" kaka yake alimtania. "Ni ukuta mmoja tu, dada. Wewe na mama huko, mimi na mke wangu huku, kila mtu na mlango wake. Tutapumua. Fundi huyu hapa, kesho anaanza."

Mchoraji aliitazama mashine. Kwenye ramani, mstari mnene ni ukuta; mwembamba ni alama ya sakafuni tu, kama mpaka wa vigae. Hilo kila fundi analijua. Unene wenyewe huchaguliwa kwenye kompyuta, kwa rangi: mstari mwekundu hutoka mnene kama njiti ya kiberiti, wa kijivu hutoka mwembamba kama unywele.

Na ukuta wa kaka yake, sekunde chache kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapa, alikuwa ameugeuza kijivu.

Karatasi ilishuka polepole, ikinuka wino. Sebule ikatokea, kisha chumba cha mama, kisha jiko. Katikati ya yote, unywele.

Fundi aliitandaza mezani, akaufuata mstari ule kwa kidole chake kilichokakamaa kwa saruji, toka mlango wa mbele hadi jikoni.

"Hapa mnabadilisha vigae?"

Mashine ilikuwa imenyamaza. Kaka mtu aliinama juu ya karatasi, akakodoa macho, asiinuke.

"Mjibu fundi, kaka," mchoraji alisema.