Mwendo wa Baba

Siku hizi kila nyumba hupewa asubuhi moja kwa mwaka ya kuwaza jambo moja, nalo hutimia kabla jua halijazama, mradi mwenye zamu alione wazi akilini. Mwaka huu zamu ilikuwa ya Tunu. Alitaka baba yake atembee, lakini tangu azaliwe amemjua akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

“Simwoni, mama,” alinong’ona, macho ameyafumba. “Kila nikimsimamisha ananiangukia.”

Mama akaweka mwiko chini, akajifunga kanga kiunoni, akatembea sebuleni kama mumewe enzi zake: kifua mbele, mikono nyuma, kandambili zikiburuzwa.

“Mwongo huyo, sikuwa na maringo hayo,” Baba akalalamika, akicheka mpaka machozi.

“Nyamaza, mume wangu, usije ukasimamishwa vibaya.”

Alasiri Baba aliinuka. Alivuka sebule mara tatu, majirani wakipiga vigelegele, na Tunu akalia kwa furaha. Kisha akaona kiuno cha Baba kikiyumba kushoto, kama cha mama yake kila atembeapo.

“Mama, ndivyo alivyokuwa akitembea?”

Mama alimtazama mumewe, akitabasamu.

“Naona ndivyo,” akasema taratibu. “Mwendo mwingine siukumbuki tena.”