Kikombe Kilichofudikizwa

Kila jioni, Kapteni mstaafu Makungu aliwasimulia wenzake wa barazani vita vyake vya mtoni kwa kupanga vikombe vya kahawa. Jioni hiyo alifudikiza kimoja.

"Hiki ndicho kikosi nilichokiacha kivukoni kiwe chambo. Walikufa wote, tukashinda. Utamu wa vita vile uko hapo."

Bi Riziki, muuza kahawa, alikiinua kikombe kile, akakijaza kutoka dele la pili, ambalo jioni nzima hakuligusa. Akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mwanangu alikuwa humo," alisema. "Nilihamia mji huu nilisikie neno hilo kwa kinywa chako. Kunywa, Kapteni."

Mvuke ulimpanda Kapteni usoni. Barazani hakuna aliyemwambia asinywe.