Kipara cha Nungunungu

Zamani, wanyama walipokuwa bado wakijuliana hali, Nungunungu alinyonyoka miiba ya ubavuni, akabaki na kipara kisichozidi jani la kunde. Yeye alikiona kikubwa kama uwanja.

Wiki hiyohiyo rafiki yake Pelele akaugua. Wanyama walijaa pangoni mwake kumjulia hali, na Nungunungu akawa na hakika kwamba akiingia tu, watamwacha mgonjwa wakitazame kipara chake. "Nitakwenda miiba ikiota," akasema, akajifungia shimoni.

Miiba ilichukua miezi miwili kuota. Alipotoka alikutana na Kanga, ambaye hana kifua na anajua aibu ya kila mnyama.

"Bibi Kanga, niambie kweli. Mlinicheka sana kule kwa Pelele?"

"Tukucheke nini, bwana?"

"Kipara changu."

Kanga akamtazama ubavu huu, akamzunguka, akamtazama na ule. "Kipara gani? Mimi ndiyo kwanza nakisikia kwako. Nisikudanganye, bwana, pale hakuna aliyekutaja kwa jema wala kwa baya."

Nungunungu akashusha pumzi. Kumbe alikuwa amesalimika.

"Ila Pelele mwenyewe," Kanga akaendelea. "Kila mtu akipiga hodi, yeye huinua kichwa na kuuliza, 'Ni Nungunungu huyo?' Aliuliza hivyo mpaka asubuhi tuliyomzika."

Hadithi ilimwacha papo hapo, amesimama na miiba yake kamili, hana pa kwenda nayo.